Soksi za Betri, Miguu Isiyosikia

Miguu yangu iliacha kusikia polepole, kama mtu anavyosinzia kanisani: huwezi kutaja ni wimbo wa ngapi macho yalipofumba. Vilianza vidole vidogo, zikafuata nyayo, kisha ikaja asubuhi moja nikaingia kuoga na ndara mguu mmoja, nikajisugua mpaka mwisho ndipo nikaiona. Nilicheka peke yangu pale bafuni, maji yakinimwagikia. Nilijua ni nini. Daktari alikuwa ameniambia mwaka uliotangulia kwamba nina sukari, tena ya siku nyingi, akanipa vidonge. Vidonge nikaviweka ndani ya kopo la majani ya chai, maana binti yangu chai haipendi na kopo lile haligusi.

Tulikuwa wawili tu, mimi naye, katika fleti ya ghorofa ya pili huko Coon Rapids, jimbo la Minnesota, dirisha la sebule likitazama maegesho ya magari na mti mmoja mkavu. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Ini ndilo lililomwondoa, na lilimwondoa taratibu, lakini sisi wakubwa tulikubaliana mtoto asiambiwe. Ndivyo tulivyolelewa. Habari ya ugonjwa mtoto habebeshwi, hupewa mandazi akacheze nje. Tukamwambia baba ana mafua. Mafua ya miezi minne, jamani. Siku moja akaenda shule akijua baba ana mafua, aliporudi akakuta sebule imejaa kina mama wa kanisa na sufuria zao.

Baada ya mazishi alinijia jikoni, akanishika kidole kimoja tu cha mkono, akasema, "Ukiugua, niambie mimi kwanza. Kabla ya kanisa. Kabla ya watu wa nyumbani." Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili anakielewa chote, hata kile ambacho sikutaka akielewe, ila hujibu kwa lugha ya shuleni, nami hapa nayaandika maneno yake kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo yanavyonikalia kichwani. Nikamwahidi. Tangu siku hiyo kila tunapoonana jioni huniuliza, "Uko sawa, Mama?" nami namjibu niko sawa. Kwa miaka mingi ilikuwa kweli. Ilipoacha kuwa kweli, mdomo ulikuwa umeshazoea, nikaendelea kujibu vilevile.

Na usidhani sikujua hatari yake. Kazi yangu yenyewe ni ya miguu. Natunza wazee katika nyumba moja ya wazee upande huu wa kaskazini, na kila siku kabla ya chakula cha mchana napita chumba kwa chumba kwa wale wenye sukari, nawavua soksi, nawatazama katikati ya vidole, visigino, chini ya kucha. Nimeona kipele kikawa kidonda, na kidonda kikawa mguu uliokatwa. Nawagombeza wazee wale kama wajukuu: usitembee pekupeku, usisogeze miguu kwenye hita, maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Kuna bibi mmoja mcheshi ambaye kila nikiinama huniuliza habari za huko chini, nami humjibu huko chini kumetulia. Kisha narudi nyumbani, navua viatu vyangu, natazama televisheni.

Mganga hajigangi, walisema wahenga, lakini hawakusema kwa nini. Mimi nitakwambia: ni uoga. Nilidhani nisipoutazama mguu, utasahau kwamba unaumwa.

Binti yangu alipofika sekondari akajiunga na timu ya ski ya shule, wale wanaoteremka kilima chenye theluji juu ya mbao mbili nyembamba. Usiniulize alianzaje. Mtoto anayelelewa na theluji huipenda theluji. Kilima chenyewe wenyeji hukiita mlima. Mimi nimezaliwa Wundanyi, kwenye milima ya Taita, nimekwenda shule kwa njia ambayo mbuzi huifikiria mara mbili, na asubuhi mawingu yalipofunguka tuliuona Kilimanjaro kule ng'ambo umevaa kofia yake nyeupe. Kile cha Minnesota ni kichuguu, nikamwambia. Akanijibu, "Basi panda wewe, Mama, uteremke na mbao."

Lakini kichuguu kile kilikuwa na uzuri wake, sitaudhulumu. Mashindano yalikuwa mchana, baada ya masomo, na mchana wa huko wakati wa baridi ni mfupi kama sala ya mtu mwenye njaa. Saa kumi tu jua limeshainama, taa za kilimani zinawashwa, na mashine za kutengeneza theluji zinapuliza vumbi jeupe hewani. Vumbi lile halianguki. Linaelea, linazunguka, linashuka likibadili nia, na ndani yake watoto wanateremka wakipinda huku na huku bila sauti yoyote, isipokuwa mkwaruzo mdogo wa mbao kwenye barafu. Ukikaza macho kwa muda mrefu unapoteza hesabu ya juu na chini. Nilipokuwa nikitazama, sikujua ni ukungu wa huko au ni ule wa kwetu wa mwezi wa saba, unaoingia shambani mpaka humwoni mtu aliye mbele yako, unasikia jembe lake tu.

Msimu wa kwanza nilitazama yote hayo kutoka garini, injini ikinguruma, kioo kimefanya ukungu, nikikifuta kwa kiganja kila dakika. Wazazi wengine walisimama chini ya kilima na kengele zao za ng'ombe mikononi, wakizipiga mtoto wao akipita. Binti yangu akaniuliza kwa nini mama yake peke yake anakaa garini. Ningemwambia ukweli: mguu usiosikia, ukiganda, hautakwambia. Utavua kiatu jioni ukute kidole cheusi. Badala yake nikasema, "Miguu yangu inaganda, mwanangu. Mimi ni mtu wa joto." Uongo mdogo, nusu yake kweli. Sikujua kwamba uongo ule atauchukua akaufanyia kazi.

Mwaka uliofuata, siku yangu ya kuzaliwa, akaniletea boksi. Alifanya kazi Jumamosi katika duka la viatu, na zawadi hiyo aliinunua mwenyewe, hakuniomba hata shilingi. Ndani mlikuwa na soksi nene za kijivu, ndefu hadi magotini, na juu ya kila soksi mfuko mdogo wa kutilia betri. Ndani ya kitambaa ulipita uzi usioonekana mpaka kwenye vidole. Ukibonyeza kitufe mara moja taa ni kijani, mara mbili ni bluu, mara tatu ni nyekundu, na nyekundu ndiyo moto kabisa. Alikuwa anaeleza haraka haraka, macho yanang'aa. "Sasa huna sababu," akasema.

Kwenye boksi kulikuwa na karatasi ya maelekezo. Niliingia nayo chooni, nikaisoma nimekaa. Mwenye ugonjwa wa sukari, au asiyesikia vizuri miguuni, asivae. Nikaisoma mara ya pili, ingawa hata mimi ningeiandika hivyohivyo. Nikaichana vipande vidogo, nikavuta maji. Nikatoka nikicheka, nikamwambia nitakuwa mama wa kwanza wa Kitaita mwenye miguu ya umeme.

Nisikilizwe vizuri hapa, maana ndipo nilipokosea, na lile kosa halikuwa la kutojua. Kumwambia "sizivai" kungetaka sababu, na sababu ilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai. Kwa hiyo nikajipangia ujanja. Tutafika kilimani, atanivalisha, atawasha, nitasifu. Akishapanda kwenye vile viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma kwenda juu, nitainama nizime. Na mara za kwanza nilifanya hivyo hasa.

Alipenda kunivalisha mwenyewe. Angefungua mlango wa gari upande wangu, apige goti kwenye theluji, aivute soksi taratibu mpaka isiwe na mkunjo hata mmoja, kama nilivyomvalisha yeye alipokuwa chekechea. Bonyeza, bonyeza, bonyeza. Nyekundu. "Unasikia joto?" Nami namjibu, "Loo, zinawaka hizi. Utanichoma." Sikusikia kitu. Nilikuwa nasoma jibu usoni mwake.

Halafu pakatokea jambo ambalo mpaka leo silielewi vizuri. Siku moja nilichelewa kuzizima. Nilikuwa nimesimama chini ya kilima, lile vumbi jeupe likielea kwenye taa, na kitu kama joto kikanipanda. Si miguuni hasa. Kilianzia sijui wapi, pengine kwenye magoti ambako bado nasikia, pengine kichwani, na kikaja na picha yake.

Tulipokuwa wadogo tulikwenda shule pekupeku, na mwezi wa saba Taita ina baridi ya kuuma mifupa. Majani yamejaa umande, vidole vimekufa ganzi kabla hujafika kijitoni. Lakini njiani palikuwa na ng'ombe wa jirani, wamelala kandokando ya njia wanacheua. Tulimwendea mmoja, tukamsukuma ubavuni kwa mabega, watoto wanne watano, mpaka akainuka kwa uvivu akitutazama kwa lawama. Na alipoinuka tu, tukaruka wote pale alipolala. Majani pale yalikuwa makavu, yamelala, na ardhi ilikuwa ya moto, inatoa mvuke na harufu ya maziwa. Tukakanyagana pale kwa kicheko, miguu juu ya miguu, hujui wako ni upi. Joto likapanda kwenye vifundo, likapanda kwenye miundi. Lilipopoa tukamtafuta ng'ombe wa pili.

Basi nikasimama Minnesota, mtu mzima mwenye kazi na leseni ya gari, nikawaona ng'ombe wale wakiinuka kwenye theluji mmoja mmoja. Wazazi wenzangu walipiga kengele zao, na ni kengele za ng'ombe kweli, na kila ilipolia nikajua kuna mwingine ameinuka mahali, amenipisha. Binti yangu akateremka mbele yangu, mwepesi, sijui wa ngapi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu baba yake yu hai. Nilisimama pale saa nzima na ushei, soksi zikiwaka nyekundu.

Usiku ule nilitazama miguu. Ilikuwa salama, nyekundu kidogo tu, na wekundu wenyewe ukapotea kufika asubuhi. Hapo shetani akapata mlango. Nikajiambia, kumbe. Nikajiambia karatasi zile huandikwa na mawakili. Mimi niliyemgombeza mzee wa watu kwa kukaa karibu na hita, nikaanza kuziacha soksi ziwake. Mara ya pili, mara ya tatu. Sikuwa nafuata joto, maana joto lenyewe silisikii. Nilifuata ile ndoto. Nilihesabu siku za mashindano kama mlevi anavyohesabu siku za wiki.

Mashindano ya mwisho wa msimu yalikuwa siku ya baridi ya kukausha kamasi puani. Tulifika mapema. Binti yangu akapiga goti, akanivalisha, nyekundu, akakimbia. Kila mtoto alipaswa kuteremka mara mbili, na muda wa mara zote mbili ujumlishwe. Mara ya kwanza aliteremka vizuri sana; mwalimu wake akanyoosha vidole viwili hewani, maana yake ni wa pili. Mimi nikapiga vigelegele, kengele za Wazungu zikanyamaza kwa mshangao. Halafu nikarudi kwenye ndoto yangu. Theluji ya mashine ilikuwa nyingi siku hiyo, na watu chini ya kilima walionekana nusu nusu, vichwa bila miguu. Nilisimama na ng'ombe zangu kwa muda wa karibu saa tatu.

Kati ya mteremko wa kwanza na wa pili watoto waliingia kwenye jumba la mapumziko kupasha mwili. Nikamkuta kwenye benchi karibu na mlango, amevua viatu vyake vigumu, anajisugua vidole, midomo myeupe. "Sivisikii vidole, Mama," akasema. "Nitateremkaje?"

Sikufikiri hata kidogo. Ni mama gani atakaa na joto miguuni, mtoto wake akitetemeka? "Chukua zangu," nikamwambia. "Zimewaka mchana kutwa, ziko tayari." Nikakaa kando yake, nikanyoosha mguu wa kulia, naye akainama kunivua, kama alivyozoea kunivalisha. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna kitu cha kuficha. Au labda nilichoka kukificha, sijui.

Mimi ni mtu wa maneno mengi, nikiwa na furaha ndiyo zaidi. Nikaanza kumsimulia habari ya mama mmoja wa kanisani aliyekosea gia, gari likaingia kinyumenyume kwenye rundo la theluji mbele ya mchungaji, naye badala ya kushuka akaanza kuomba kwa sauti humohumo ndani. Nilikuwa naigiza sauti yake. Buti likatoka. Soksi ikavutwa. Nikaendelea na sala ya yule mama, nikafika kwenye "Bwana, unyooshe tairi hizi," nikamwona binti yangu hacheki.

"Mama, nyamaza."

"Kuna nini?"

"Nyamaza. Tazama."

Nikatazama. Soksi ilikuwa imeloa upande wa vidole, na alipoivuta ilikuja na ngozi. Ngozi ya kidole kidogo na ya kile cha pili ilikuwa imeinuka yote, imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, na chini yake nyama ilikuwa nyekundu, inachuruzika. Damu ilikuwa imeshafika sakafuni. Na mimi nilikuwa nasimulia mzaha.

"Haikuumi?" akaniuliza.

"Ni malengelenge tu. Kiatu kimebana."

"Nimeuliza haikuumi?"

Akautazama mguu, akanitazama usoni, akautazama mguu tena. Miaka yote mezani nimemsimulia miguu ya wazee wangu, kidonda hiki, kidonda kile, nikidhani hasikilizi, ana simu mkononi. Alisikiliza. "Una sukari," akasema. Hakuuliza. "Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

Spika ikataja namba ya binti yangu ajiandae kwenda juu. Hakugeuza hata shingo. Alivua skafu yake, akaufunga mguu wangu, akaukaza vizuri kuliko wanafunzi wetu wa kazini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, bila hasira, na afadhali angenipigia kelele, "Hata Baba mlisema ni mafua."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo niliijua tangu darasa la tatu, niliiandika kwa mwandiko mzuri nikapewa alama zote. Siku ile nilijua kwamba si lazima kife kitu chenye pumzi; hata imani ya mtoto hufa.

Alinipeleka hospitali mwenyewe, akiendesha gari langu, redio imezimwa. Namba yake iliitwa tena na tena kule nyuma, naamini, mpaka wakaifuta. Daktari wa vidonda alikuwa mpole. Alisema joto la soksi lenyewe halikuwa kali, mtu mwingine angehisi linazidi akalipunguza, basi. Lakini langu lilikaa mahali pamoja saa nyingi bila mtu wa kulipunguza. Aliuliza kama sikuona onyo kwenye boksi. Binti yangu alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo. Nikasema niliona. Nikasema nililichana. Mgongo wake haukutikisika.

Walijaribu wiki nyingi kukiokoa kile kidole kidogo. Mwezi wa tatu, theluji ikianza kuyeyuka na kuteremka kwenye mabomba ya nyumba, wakakikata. Sikukililia. Nilijiambia kimetangulia, si haba, vipo tisa. Kilichoniumiza ni nyumba. Binti yangu alifanya kila kitu: alipika, alifua, alitoa vidonge ndani ya kopo la chai akavipanga kwenye kiboksi chenye siku za wiki, aliwafungulia mlango kina mama wa kanisa, akawapakulia, akaenda chumbani. Na mimi hakuniuliza kitu tena. Akirudi jioni alining'iniza koti, akatazama kama nimekula, akapita. Sikuwahi kudhani mtu anaweza kukosa swali kama anavyokosa chakula. Nilikaa sebuleni nimeinua mguu kwenye mto, nikisikiliza ufunguo wake mlangoni, nikisema moyoni, leo ataniuliza. Ningemjibu ukweli. Nilikuwa nimeuandaa wote, na hakuna aliyeutaka.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, watu wakiwa wameshafungia makoti kabatini, theluji ikarudi. Ilikuwa ile ya mabonge makubwa mavivu, inayoshuka bila upepo na kuyeyuka kabla ya kugusa lami. Mti mkavu wa maegeshoni ulikuwa na vitumba vyake, na juu ya vitumba theluji. Mchana ule nesi wa kuja nyumbani alikuwa amepata dharura, na bandeji ilitakiwa kubadilishwa. Nikaanza kuinama mwenyewe. Binti yangu akatoka chumbani, akachukua mkasi mkononi mwangu, akakaa chini kwenye zulia, akauweka mguu wangu mapajani mwake.

Akaanza kazi. Aliosha, akakausha, akatazama pale palipokuwa na kidole kwa muda mrefu. Alipomaliza hakuurudisha mguu chini.

"Tazama dirishani," akasema. "Usitazame huku."

Nikatazama dirishani. Theluji ilikuwa inashuka taratibu hata nikahisi nyumba ndiyo inayopaa.

"Unasikia hapa?" akauliza.

"Nasikia."

"Sijakugusa bado, Mama."

Uso ukaniwaka moto. Ulimi wangu ulikuwa umekwenda wenyewe, kama mbuzi anayejua njia. Nilitaka kugeuka nimwombe radhi, nikaona nisigeuke, maana ameniambia nitazame dirishani na hilo angalau naweza kulifanya sawasawa.

Kisha akauliza tena. "Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana, mwanangu."

Alikuwa anapanda. Nilijua anapanda kwa sauti yake tu, ilivyokuwa inasogea. "Hapa?" Hapana. "Hapa?" Hapana. Kila nilipojibu alisogea kidogo, kama mtu anayepanda ngazi kwenye giza na kuipapasa ijayo kwanza. Theluji nje ilizidi. Nikaanza kuogopa kwamba atapanda hivyo mpaka shingoni asinikute.

"Hapa?"

Kidole chake cha baridi kikanigusa, upana wa kiganja kizima juu ya kifundo.

"Hapo," nikasema. "Hapo nasikia."

Hakuondoa kidole. Nikageuka. Alikuwa anatazama umbali kati ya kidole chake na nyayo yangu, akiupima kwa macho, akienda na kurudi.

"Ni juu sana, Mama," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ni juu sana, na kwamba naogopa.